Chambo kwenye Bakuli la Bi Rahila

Shemeji yangu Hija akija na mambo yake ya mjini, mimi humtazama tu, maana ukimjibu ndiyo umemtia ufunguo. Ni kaka yake mke wangu Kazija. Anauza vipuri vya pikipiki Unguja, mwanamme asiye na mke wala jiko, anakula hotelini mwaka mzima. Ramadhani hii alikuja kufunga na sisi huku kwetu, upande wa Micheweni, na alichokuja nacho si tende wala sukari. Alikuja na fimbo ya kuvulia, ndefu mpaka ikabidi iingizwe ndani kwa kupitia dirishani.

"Shemeji Nyange," akaniambia, "mambo ya kuzungushia mshipi kwenye chupa yameshapitwa na wakati."

"Chupa hii imelisha nyumba hii na dada yako akiwemo," nikamjibu. "Hiyo fimbo yako imemlisha nani?"

Tukateremka pwani kwa vespa baada ya laasiri, tunabishana njia nzima. Pwani yetu mbele ina mwamba mrefu, lakini pana mahali mwamba umekatika, na hapo mawimbi huingia moja kwa moja mpaka mchangani. Maji yakianza kujaa, kolekole huingia na mawimbi kufukuza vidagaa. Ukisimama mchangani ukatupa mshipi pale wimbi linapovunjika, kitoweo unakipata bila kupanda chombo cha mtu. Ila lazima ujue unatupa nini.

Hija alifungua boksi lake, mna vitu vya kung'aa kama duka la pete. Alikuwa na mshipi mwembamba, nikamwambia huo utakatwa na mwamba kabla samaki hajaukata. Alikuwa na chubwi ya risasi ya kuzamishia mshipi, yenye miguu ya waya, ati inashika mchanga isiburutwe na maji. Hiyo niliipenda, lakini sikumwambia. Mimi chubwi yangu ni buji, plagi za gari zilizokufa, nazifunga kwa uzi wa kushonea, uzi dhaifu makusudi. Buji ikinasa kwenye jiwe, uzi unakatika, napoteza buji peke yake, ndoana na samaki vinarudi kwangu. Ndoana naifunga juu ya chubwi, si chini, ili chambo kielee na kaa wasikifikie. Fundo kwa kawaida unalilowesha kwa mate ndipo ulikaze, lakini tumefunga, nikalichovya baharini.

"Na chambo?" akaniuliza, na uso wake ulikuwa na kicheko.

"Ngisi. Chambo changu siku zote ngisi."

"Na vikande je?"

Hapo alinipata. Vikande, visamaki vya meno makali, ndio balaa la pale. Kolekole hajanusa, wao washamtafuna ngisi wote, unavuta ndoana tupu. Hija akachomoa mfuko wa plastiki mfukoni mwa koti. Ndani mna vipande virefu vyeupe, nyama safi, imekazwa kwa chumvi. Akavuta kimoja kwa mikono miwili, hakikukatika.

"Hii kikande ataisusa mwenyewe. Kisia samaki gani."

"Huyo si samaki, huyo kuku."

"Bunju," akasema.

Nilirudi nyuma nikakanyaga ndoana zangu mwenyewe. Kwetu bunju akiingia wavuni anatupwa hapo hapo, na kunguru akimdonoa tunasema shauri yake. Mtoto mdogo kabla hajajua alifu na bee anajua kwamba bunju anaua, na kwamba ini lake likipasukia kwenye nyama, nyama yote imekwisha. Na mchuzi wake hauna harufu wala ladha ya kukutahadharisha.

"Yakhe, una wazimu?"

"Si wa kula, Nyange! Wa chambo. Nimeona kwenye simu, watu wanavulia hivi. Nimemkuta kwenye mchanga asubuhi, wavuvi wamemtupa. Nimemchuna, nimemkata, nikampaka na ini lake ili anuke, kolekole amsikie kutoka mbali. Nikamtia chumvi."

"Umemkatia wapi?"

"Jikoni kwenu. Kazija alikuwa kwenye shamba lake la mwani. Kisu nimekiosha kwa sabuni, usihofu."

"Na huyu ndiye wote?"

"Aa, bunju mkubwa yule. Huku nimechukua nusu. Nusu nimeiacha ya kesho, nimeifunika vizuri kwa sahani, kwenye lile bakuli la maua mekundu."

Lile bakuli la maua mekundu si letu. Ni la jirani yetu Bi Rahila. Jana yake alituletea kaimati za futari, na bakuli lilikuwa bado liko kwetu, kwa sababu bakuli la jirani halirudishwi tupu. Ni aibu. Tangu daku Kazija alikuwa analalamika hana cha kulitilia, atalirudisha na nini, Bi Rahila atamfikiriaje. Hija hayajui haya, atayajulia wapi? Nikamwona akilini Kazija anarudi kutoka kwenye mwani, ananawa miguu, anaingia jikoni, anafunua sahani, anakuta nyama nyeupe imechunwa, imetiwa chumvi, imepangwa na kaka yake mwenyewe ndani ya bakuli la kurudishwa. Ningekuwa mimi, ningesema alhamdulillahi.

Nilipiga simu nikiwa nimekaa mchangani.

"Kazija, bakuli la Bi Rahila liko wapi?"

"Nishalipeleka zamani! Mwambie kaka yangu Mungu amzidishie, leo amenistiri. Bi Rahila kafurahi huyo, samaki kachunwa kabisa—"

"Bunju, Kazija. Bunju yule! Kimbia!"

Nilisikia ukelele, kisha simu ikaanguka. Hija alikuwa amesimama na fimbo yake, mdomo wazi, wimbi linampiga magotini. Sikuwa na wakati wa kumtukana. Nilichokuwa nacho kichwani ni kimoja tu, mwanangu Asma.

Mimi sina mtoto mwingine. Asma kaolewa hapo hapo kijijini, nyumba yake na ya Bi Rahila zinagusana ukuta. Mumewe yuko Mkoani, anapakua mizigo bandarini, huja Ijumaa. Asma ana mimba ya miezi minane, na daktari kamkataza kufunga. Sisi wengine sote, hata huyo bunju akipikwa, tutamngoja mpaka magharibi. Asma hangoji. Asma anakula saa yoyote, na Bi Rahila kazi yake ni kumlisha, kila kitu "kula mwanangu, unakula kwa wawili". Nilibonyeza namba yake, nikakosea, nikabonyeza tena.

"Asma! Umekula samaki leo?"

"Samaki? Sijala, baba. Nimekula muhogo tu, mgongo unaniuma, nimelala."

"Kwa Bi Rahila hujala kitu?"

"Sijala. Kuna nini?"

Mja mzito hashtuliwi. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi niliufuata huo msemo kama mjinga. "Hakuna kitu," nikamwambia. "Lala hapo hapo. Cha Bi Rahila usikile mpaka nije." Nikakata. Nilipumua kidogo, nikamwambia Hija atupe fimbo yake awashe vespa.

Tulipanda ile njia ya mawe kwa mwendo ambao siku nyingine ningemzaba kofi. Jua lilikuwa limeshashuka. Nilikuwa nasoma kila dua niijuayo, na katikati ya dua namwambia Hija "ongeza, ongeza", na yeye analia, machozi yanapeperuka yananipiga mimi usoni.

Kwa Bi Rahila tulimkuta Kazija kakaa kizingitini, kanga imemdondoka, hana sauti. Bi Rahila yuko jikoni na sufuria mkononi, sufuria imeshaoshwa.

"Samaki yuko wapi, Bi Rahila?"

"Nimempika mchuzi wa nazi, mwanangu, na ndimu nyingi. Leo zamu yangu kupeleka futari msikitini. Washakuja kuchukua. Mimi najua nini, Nyange? Mimi nimeletewa!"

"Umeonja?"

"Mimi nimefunga, naonjaje mimi? Lakini—"

Sikusikiliza hiyo lakini. Nilishatoka. Mungu anisamehe, nilimwacha bibi wa watu mdomo wazi, anazungumza na mgongo wangu.

Msikiti wetu hauko mbali, lakini jioni ile ulikuwa Unguja. Mikeka imeshatandikwa barazani, wanaume wamekaa safu mbili, wazee kwa vijana. Tende zimeshagawiwa, kila mtu kashika yake, macho yako kwa Shehe Jabir aliyesimama na kipaza sauti anaangalia saa. Na katikati ya mikeka ndiyo nikaona jambo lililonikata maini. Mabakuli. Bakuli baada ya bakuli, na kila moja mna mchuzi wa nazi wa samaki, wa manjano, na ndimu zinaelea. Nani atajua bunju ni yupi? Bakuli la maua mekundu halimo. Wameshamimina kwenye mabakuli ya msikiti.

"Msile!" nikapiga kelele. "Samaki asiliwe!"

Walinitazama. Nimejaa mchanga, sina viatu, suruali imelowa. Mzee mmoja akasema, "Nyange funga imemshinda," na vijana wakacheka. Kutoka kijiji cha pili adhana ikaanza. Watu wakatia tende mdomoni, bismillahi, na mkono wa mtu ukaenda kwenye upawa.

Nilimrukia Shehe Jabir nikamnyang'anya kipaza sauti. Haya ni mambo ya kuhadithiwa, hayajawahi kutokea kwetu, mtu mzima kumpokonya shehe kipaza sauti wakati wa adhana. Alinishika shati likachanika.

"Jamani, mimi Nyange," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanirudia kutoka juu ya minazi. "Samaki aliyepikwa kwa Bi Rahila ni bunju. Bunju! Aliyepewa mchuzi leo asile, asionje, asimpe hata paka. Kila mchuzi wa samaki umwagwe. Kosa si la Bi Rahila. Bunju, jamani!"

Hakuna aliyecheka tena. Yule mwenye upawa aliutupa ukaruka mpaka uani. Shehe Jabir aliniachia shati, akageuza bakuli la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Wakachimba shimo nyuma ya choo kwa majembe, wakamwaga yote, wakafukia, wakaweka mawe. Mmoja mmoja waliulizwa mbele ya watu wote, na kila mmoja akaapa hajagusa ila tende na maji. Nikakaa pale pale juu ya mkeka. Mtu alinipa tende. Nilikuwa naipeleka mdomoni, simu ikalia.

Alikuwa Asma.

"Baba." Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyetoka usingizini. "Nimekusikia kwenye kipaza sauti."

"Usiogope mwanangu, yamekwisha. Hakuna aliyekula."

"Baba, mimi nimeonja."

Tende ilianguka, sijui ilikoangukia.

"Umeniambia hujala!"

"Sijala. Nimeonja chumvi tu. Bi Rahila kaniita, kasema wewe hufungi, nionjee. Nimeonja tu, baba." Nikamsikia anajaribu kumeza. "Midomo imenifa ganzi. Nilidhani ndimu. Sasa na vidole."

Hakunidanganya. Hapo ndipo palipo na msumari. Nyumba zote za kwetu, Ramadhani, yule asiyefunga ndiye ulimi wa waliofunga: mtoto, mwenye siku zake, mja mzito. Anaitwa jikoni, anachovya, anasema imekolea au haba, anarudi alikotoka. Hakuna anayehesabu kuwa amekula. Ukimuuliza atakwambia hajala, na ameapa kweli. Mimi mwenyewe nimewaita watoto wa watu waonje mchuzi, na sikukumbuka kumuuliza mwanangu hilo neno moja.

Shehe Jabir alikuwa ameshatoa funguo za gari lake. Tulimbeba Asma kutoka kitandani, mimi kichwani na Hija miguuni, na tayari alikuwa hawezi kusimama. Kazija alikaa nyuma akamlaza mapajani, Bi Rahila akajitupa ndani ya gari bila viatu, hakuna aliyethubutu kumshusha. Njia nzima kwenda hospitali nilimwambia azungumze. "Niambie jina la mtoto, Asma. Mmechagua jina?" Alijibu kitu, lakini ulimi haukumtii, lilitoka neno la mlevi. Kisha hakujibu tena. Macho yalikuwa wazi yananitazama. Mimi nimeshaogopa maishani mwangu, nimeshapinduka na ngalawa, nimeshazika wazazi. Sikuwahi kuogopa vile. Niliogopa mpaka nikaona baridi, katika joto lile.

Daktari alikuwa msichana mdogo, lakini alikuwa mwepesi. Nilivyosema tu bunju, aliita watu watatu.

"Kaonja kiasi gani?"

Nilimgeukia Bi Rahila. Alikuwa kajishika ukuta.

"Kijiko," akasema. "Akasema chumvi haba. Nikaongeza, nikamwita tena. Kijiko cha pili. Wallahi vijiko viwili tu, mwanangu. Nilitaka kukwambia, Nyange, ulikuwa unakimbia."

"Sumu hii haina dawa ya kuikata," daktari akasema. "Akilini anatusikia, mwili ndio umelala. Tutamsaidia kupumua mpaka mwili uitoe wenyewe. Tukivuka mpaka asubuhi, tumevuka."

"Na mtoto?"

Muuguzi akaweka ile pembe ya kusikilizia juu ya tumbo, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ninavyoweza kuvumilia, nikataka kumpokonya nisikilize mwenyewe. Kisha akatikisa kichwa juu na chini. "Anapiga," akasema. Kazija akaanguka sijda pale pale sakafuni.

Pumzi za Asma zilikuwa fupi, zinakatika, zinaanza. Wakamvalisha kifuniko cha mdomo chenye mfuko wa mpira, na mfuko ule unabonyezwa kwa mkono, kila pumzi mkono wa mtu. Muuguzi akichoka tunapokea sisi, kwa kuelekezwa. Nilipochoka mimi, Hija alinyoosha mikono. Nikaitazama mikono ile. Ndiyo iliyomchuna bunju, ndiyo iliyompaka ini. Nilitaka kuivunja, nasema kweli, nilitaka nimtoe nje nimtupe. Lakini mfuko haungoji mtu amalize hasira zake. Nikampa. Akabonyeza, anahesabu kwa midomo, hakuinua macho hata mara moja, na mimi nikawa nasikiliza kila pumzi kama ndiyo ya mwisho.

Usiku wote ulikwenda hivyo. Watu walituletea chakula, kikapoa.

Karibu na alfajiri Asma alianza kuvuta pumzi mwenyewe, kwanza moja kati ya zetu, kisha mbili. Daktari akasema tuache tuone. Tukaacha. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Kidole chake cha shahada kikajongea juu ya shuka. Muuguzi akamwondolea kile kifuniko, nami nikainama mpaka sikio likagusa mdomo wake, maana niliona anataka kusema kitu. Nilijua ataniuliza mtoto. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu.

"Baba," akasema, ulimi bado mzito. "Umefuturu?"

Sikuwa nimetia hata maji mdomoni tangu daku ya jana yake. Hija aligeuka ukutani, mabega yanamtikisika.

"Nimefuturu, mwanangu," nikamwambia. "Nimekula nikashiba." Nje adhana ya alfajiri ikaanza, nikatia nia ya kufunga siku ile nayo, na uwongo wangu ukiwa bado mdomoni.